Duara la Tepe za Rangi: Linaonyesha Nini, Linaficha Nini?

Fungua ripoti nene ya miaka ya karibuni kuhusu uhamiaji, biashara kati ya nchi na nchi au chembe za urithi, na huenda mahali fulani katikati ukakutana nalo: duara kubwa, mzingo wake umekatwa vipande vya rangi, na ndani yake tepe zimepishana kama miyaa ya mkeka uliosukwa nusu. Msomaji hulitazama, hulisifu, kisha hufunua ukurasa unaofuata. Ukimuuliza ameona nini, atakujibu kwamba mambo haya yanahusiana sana. Hilo alilijua hata kabla ya kuifungua ripoti.

Mkanganyiko huu una sura mbili. Wapo wanaolichukulia duara kama pambo la jalada, kitu kilichowekwa ili ripoti ionekane ya kisasa. Wapo pia wanaoliamini kupita kiasi. Hao wakiona utepe mrefu uliokatiza katikati kutoka Afrika hadi Ulaya, wanahitimisha kwamba bara zima liko njiani, wakati huohuo utepe mfupi uliojikunja pembeni kimyakimya umebeba watu wengi zaidi. Wa kwanza wanapoteza habari iliyomo, na wa pili wanaokota isiyokuwemo. Hata wataalamu wa takwimu hawajakubaliana: kuna wanaolitetea duara kama chombo kisicho na mbadala, na kuna wanaotaka lizuiwe kuchapwa kabisa. Kila upande una hoja, ila hoja hizo hazina uzito sawa, na uzito wenyewe hubadilika kulingana na kinachochorwa.

Duara linavyosomwa

Njia rahisi ya kulielewa ni kuanza na jedwali. Chukua nchi nane wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya, Rwanda, Somalia, Sudan Kusini, Tanzania na Uganda. Ziandike kushuka chini, kisha ziandike tena kwenda kulia. Katika kila mraba weka thamani ya bidhaa zilizotoka nchi ya mstari huo kwenda nchi ya safu hiyo. Ukiacha miraba minane ambamo nchi inakutana na nafsi yake, unabaki na namba 56. Duara huchorwa kutokana na namba hizohizo 56, bila kuongeza hata moja.

Kila nchi hupewa tao lake kwenye mzingo, na urefu wa tao ni jumla ya bidhaa zake, zinazotoka peke yake au pamoja na zinazoingia, kutegemea mila ya mchoraji. Kutoka kwenye tao hilo hutoka tepe kuelekea matao mengine, na unene wa kila utepe ni kiasi cha bidhaa kilichopita hapo. Mpaka hapa hakuna ugumu. Ugumu unaanza kwenye swali la nani kampa nani, kwa sababu wachoraji wana mila mbili, na mila hizo zikichorwa zinafanana mno.

Katika mila ya kwanza, kila jozi ya nchi ina utepe mmoja tu, lakini ncha zake mbili hazilingani unene. Ncha iliyoko Kenya ina unene wa bidhaa zilizotoka Kenya kwenda Uganda. Ncha iliyoko Uganda ina unene wa zile zilizotoka Uganda kwenda Kenya. Rangi ya utepe hutolewa na mmoja wao, mara nyingi yule aliyetoa zaidi. Hivi ndivyo maduara mengi yanayotengenezwa kwa D3, maktaba ya programu iliyotolewa mwaka 2011 na Mike Bostock na wenzake, yanavyofanya kazi. Katika mila ya pili kila jozi ina tepe mbili, wa kwenda na wa kurudi. Kila mmoja una unene uleule mwanzo hadi mwisho na una rangi ya alikotoka, na pale unapofika huachiwa mwanya mdogo kabla ya kugusa tao, ili ujulikane kuwa ni mgeni anayeingia.

Anayelisoma duara la mila ya pili kwa kanuni za mila ya kwanza atageuza mambo juu chini: muuzaji atakuwa mnunuzi, na nchi inayopokea watu itaonekana ndiyo inayowatoa. Ripoti nyingi hazina hata sentensi moja chini ya mchoro inayosema ni mila gani iliyotumika. Sehemu kubwa ya lawama anazotupiwa msomaji, kwamba hajui kusoma michoro, ingepaswa kumwangukia mchapishaji.

Lilikotoka

Duara la tepe lina nasaba mbili. Ya kwanza ni ya maumbo ya duara. William Playfair wa Scotland, aliyechapisha chati za mihimili na za mistari mwaka 1786, ndiye aliyetoa chati pai za mwanzo mwaka 1801, kuonyesha sehemu za kitu kizima. Mwaka 1858 Florence Nightingale alipanga vifo vya askari wa Uingereza katika vita vya Crimea kwa kuuzungusha mwaka kama saa, mwezi mmoja kipande kimoja, ili wakubwa waone kwamba maradhi yaliua wengi kuliko majeraha.

Nasaba ya pili ni ya tepe. Mhandisi Mfaransa Charles Joseph Minard, mwaka 1869, alichora jeshi la Napoleon likienda Moscow mwaka 1812. Utepe wake unaanza na watu 422,000, unapungua njia nzima, na unarudi mpakani ukiwa uzi wa watu 10,000. Mwaka 1898 Kapteni Sankey alitumia mbinu hiyo kuonyesha nishati inavyopotea ndani ya mtambo wa mvuke, na hadi leo michoro ya namna hiyo inabeba jina lake.

Kilichozikutanisha nasaba hizi mbili ni jenomu ya binadamu, yaani maandishi yote ya urithi wake. Mradi wa kuisoma ulipotangazwa kukamilika mwaka 2003, maabara zilijikuta na herufi zipatazo bilioni tatu na hazina karatasi ya kuzionyesha. Huko Vancouver, Canada, katika kituo cha utafiti wa jenomu, Martin Krzywinski alitengeneza programu aliyoiita Circos, akaieleza pamoja na wenzake katika jarida la Genome Research mwaka 2009. Iliandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Perl na ikatolewa bure. Ndani ya muda mfupi maduara yake yalijaa kwenye majarida ya sayansi, kisha yakatoka maabara kuingia kwenye uchumi, siasa na habari.

Hatua iliyolifikisha duara kwa watu wasio wanasayansi ilikuja mwaka 2014, pale Guy Abel na Nikola Sander, waliokuwa Vienna, walipochapisha katika jarida la Science makadirio ya watu waliohama kati ya nchi 196. Badala ya ramani yenye mishale, walitoa duara. Mchoro huo umeigwa sana, na ndio utakaotumika hapa kupima hoja za pande zote mbili.

Hoja za wanaolitetea

Hoja yao yenye nguvu kuliko zote ni ya kijiometri. Ukipanga kromosomu za binadamu kwenye mstari mmoja ulionyooka, kisha ukataka kuunganisha ya kwanza na ya mwisho, mstari wako utaruka juu ya zote zilizo katikati. Kwenye duara hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Kila kitu kiko pembeni, na uwanja wote wa ndani uko wazi kwa ajili ya mahusiano tu.

Chukua saratani ya Burkitt. Daktari mpasuaji Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na watoto wenye uvimbe wa taya aliowaona akiwa hospitali ya Mulago, Kampala. Katika miaka ya 1970 wanasayansi walitambua kwamba ndani ya seli za wagonjwa wengi kipande cha kromosomu ya 8 kimekatika na kuhamia kromosomu ya 14. Baadaye ikajulikana kuwa jeni iitwayo MYC, ambayo kazi yake ni kuamrisha seli ikue na kugawanyika, imehamishiwa jirani na eneo la jeni za kinga ya mwili, eneo linalofanya kazi usiku na mchana, na ikaanza kutoa amri bila kupumzika. Ukiandika hayo kwenye jedwali unapata mstari mmoja wa namba kati ya maelfu. Kwenye duara unapata tao moja linalovuka kutoka 8 hadi 14, nalo linaonekana papo hapo. Chora maduara ya wagonjwa ishirini kwa udogo, yapange upande kwa upande, na tao lile litajirudia mbele ya macho yako kabla hujasoma herufi hata moja.

Zaidi ya hapo, mzingo unaruhusu kuweka pete moja ndani ya nyingine. Pete ya nje inabeba majina ya kromosomu, inayofuata inaonyesha mahali palipoongezeka au kupungua nakala za jeni, inayofuata mabadiliko ya herufi mojamoja, na matao ya kuhama yanakaa katikati. Taarifa za aina nne zinasomwa kwa kufuata mstari mmoja kutoka nje kuelekea kitovuni. Na kuna jenomu ambazo ni duara kwa asili: DNA ya mitokondria ya binadamu ni kitanzi cha herufi 16,569, na bakteria wengi wana kromosomu ya namna hiyo. Kuzichora kwa mstari ulionyooka ndiko kungekuwa upotoshaji.

Hoja ya pili inahusu yanayotokea ndani ya kundi lenyewe, na hapa ndipo mchoro wa uhamiaji wa 2014 ulipofanya kazi yake. Kwenye ramani ya mishale, mtu aliyetoka Burundi kwenda Tanzania akihesabiwa kama Mwafrika aliyehamia Afrika, mshale wake hauna pa kwenda. Utaanzia wapi na kuishia wapi, ikiwa bara ni lilelile? Mchoraji wa ramani huuacha, na picha inayobaki ni ya mishale mikubwa inayovuka bahari. Duara halina tatizo hilo, kwa kuwa utepe unaweza kutoka kwenye tao na kurejea kwenye tao lilelile. Ndiyo maana moja ya matokeo makuu ya Abel na Sander, kwamba Waafrika waliohama wengi wao walihamia nchi nyingine za Afrika, lilionekana wazi kwenye duara kuliko lilivyowahi kuonekana kwenye ramani. Kwa mjadala uliozoea kumtazama mhamiaji kutoka ufukwe wa Mediterania, hiyo haikuwa faida ndogo.

Hoja ya tatu, ya mvuto, watetezi huitaja kwa haya kidogo, ingawa haina sababu ya kuonewa haya. Jedwali la namba elfu moja halimsimamishi mtu. Duara linamsimamisha. Swali ni anapata nini baada ya kusimama.

Hoja za wanaolipinga

Wapinzani wanaanza na jicho. Mwaka 1984 William Cleveland na Robert McGill walichapisha utafiti uliopanga kwa ngazi usahihi wa macho ya binadamu katika kusoma michoro. Juu kabisa ni kulinganisha vitu vilivyopangwa kwenye kipimo kimoja, kama mihimili iliyosimama kwenye sakafu moja. Chini yake ni urefu, kisha pembe, chini zaidi eneo, na mkiani kiwango cha rangi. Duara la tepe linamlazimisha msomaji alinganishe urefu wa matao yaliyopinda yasiyo na sakafu moja, pamoja na eneo la tepe zilizopindapinda na kulaliana. Limechagua, kwa makusudi, vipimo ambavyo jicho linavimudu vibaya.

Kibaya zaidi, unene ndio unaobeba namba, ila jicho linapokea eneo lote. Tepe mbili zenye unene sawa, mmoja ukiunganisha majirani na mwingine ukikatiza duara zima, hazionekani sawa hata kidogo: wa pili una wino mwingi na unaonekana mkubwa. Nani awe jirani ya nani kwenye mzingo ni uamuzi wa mchoraji. Makundi kumi tu yanaweza kupangwa kwenye mzingo kwa namna 362,880 tofauti, bila kuhesabu kulizungusha duara zima. Kila mpangilio unatoa picha yake, na namba ni zilezile. Mchoraji anayetaka uhusiano fulani uonekane mkubwa huziweka pande hizo mbili zikitazamana. Anayetaka usionekane huziweka bega kwa bega. Si lazima awe na nia mbaya. Mara nyingi programu ndiyo iliyopanga kwa alfabeti, na hakuna aliyejali.

Kisha kuna hesabu ya nafasi, ambayo kwa maoni ya mwandishi huyu ndiyo hoja nzito kuliko zote, na ndiyo inayosahauliwa zaidi. Karatasi ya A4 inaweza kubeba duara lenye kipenyo cha sentimita 18 hivi. Mzingo wake ni kama sentimita 56.5. Zile nchi nane za Jumuiya zikigawana sawasawa, kila moja inapata sentimita saba, na ndani yake kuna ncha 14 za tepe, saba za kutoka na saba za kuingia. Wastani wa kila ncha ni nusu sentimita. Hilo linasomeka.

Sasa weka mikoa ya Tanzania, 26 ya Bara na 5 ya Zanzibar. Jozi za kutoka na kuingia ni 930. Kila mkoa unapata sentimita 1.8, na ndani yake zinajibana ncha 60. Kila ncha ina wastani wa theluthi ya milimita hivi, na hapo bado hatujatoa mianya ya kutenganisha mikoa. Kwa kaunti 47 za Kenya jozi ni 2,162, na hali inazidi kuwa mbaya. Kinachochapwa hapo hakiwezi kuitwa taarifa, ni kitambaa. Waswahili walishasema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Hata kwenye jenomu hesabu hiyo ina makali yake. Herufi bilioni tatu na ushei zikigawanywa kwenye mzingo uleule, milimita moja inabeba herufi zaidi ya milioni tano. Jeni ya MYC, yenye herufi elfu chache, ingekuwa na upana wa takriban sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa hiyo tao la Burkitt linakuambia ni kromosomu zipi. Mahali hasa zilipokatika huwezi kupasoma. Pete za ndani nazo zina mzingo mfupi kuliko za nje, hivyo data ya pete iliyo katikati ya kitovu na ukingo imebanwa mara mbili zaidi ya ile ya ukingoni.

Yapo na matatizo ya mtaani ambayo majarida ya Ulaya hayayasemi. Ripoti zetu nyingi huishia kwenye mashine ya kutoa kopi isiyo na rangi, na duara la rangi kumi na mbili likipita hapo linatoka kijivu kitupu. Nyingine husomwa kwenye simu, ambako majina yaliyozungushwa kuufuata mzingo yanasomwa kwa kuinamisha shingo. Watetezi hujibu kwamba kwenye kompyuta msomaji anaweza kupeleka kishale cha kipanya juu ya tao moja na tepe nyingine zote zikafifia. Ni kweli, na ni msaada mkubwa. Lakini simu haina kishale, na karatasi haina hata hicho.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba mmoja wa walioona udhaifu wa michoro ya mahusiano iliyosongamana ni Krzywinski mwenyewe. Mwaka 2012 yeye na wenzake walipendekeza mchoro wa namna nyingine, ambamo vitu hupangwa kwenye mihimili michache iliyonyooka kama spoku za baiskeli, kwa kanuni iliyowekwa wazi tangu mwanzo, ili data mbili zinazofanana zitoe picha mbili zinazofanana. Aliyelipa duara umaarufu hakulichukulia kuwa jibu la kila swali.

Kilicho nyuma ya tepe

Pande zote mbili zinabishana kuhusu jicho, na mara nyingi zinasahau namba zenyewe zilikotoka. Uzuri wa duara unazipa namba sura ya uhakika ambayo huenda hazina.

Mchoro wa 2014 haukutokana na kuhesabu watu mipakani. Hakuna idara ya dunia inayofanya kazi hiyo. Watafiti walichukua majedwali ya watu wanaoishi nje ya nchi walizozaliwa, jedwali la kipindi kimoja na jedwali la miaka mitano baadaye, wakaongeza vifo na vizazi, kisha wakakadiria ni watu wangapi kwa uchache walipaswa kuhama ili jedwali la kwanza ligeuke kuwa la pili. Walipata kwamba wanaohama katika kila kipindi cha miaka mitano tangu 1995 ni kama asilimia 0.6 ya watu wote duniani. Ni kazi ya kiwango cha juu, na wenyewe waliieleza wazi kuwa ni makadirio. Ila mtu aliyekwenda Oman miaka miwili akarudi nyumbani kabla ya kipindi kwisha hamo. Na katika duara la kanda za dunia, mtiririko wa watu chini ya 170,000 haukuchorwa. Kwa dunia nzima hicho ni kiwango kidogo. Kwa nchi ndogo, watu 170,000 ni jambo la kubadilisha historia yake.

Kiwango hicho cha kukata ndicho roho ya kila duara linalosomeka. Bila kukata, tepe nyembamba huziba uwanja. Ukikata, unaamua nani asionekane. Watafiti wale waliandika kiwango chao chini ya mchoro. Anayeiga duara lao bila kuandika chake amefuta watu na kuficha kifutio.

Biashara nayo ina mtego wake. Bidhaa iliyotoka Kenya kwenda Uganda huandikwa mara mbili, mara moja na forodha ya anayeuza na mara nyingine na forodha ya anayenunua. Namba hizo mbili hazilingani kila mara: mwagizaji kwa kawaida hujumlisha nauli na bima, mzigo huvuka mwaka ukiwa njiani, na wakati mwingine nchi iliyoandikwa siyo bidhaa ilikoishia. Jedwali linaweza kubeba namba zote mbili, moja juu ya nyingine. Utepe unabeba moja tu, na msomaji haambiwi ni ya nani. Zaidi ya hapo, magunia ya mahindi na mikungu ya ndizi inayovuka mpaka kwa baiskeli bila kupita forodha haimo katika namba hizo. Duara la biashara ya Afrika Mashariki lililochorwa kwa takwimu za forodha ni duara la bidhaa zilizopigwa muhuri.

Mbadala na bei yake

Mbadala wa kwanza ni jedwali lenyewe, kila mraba ukipakwa rangi kulingana na ukubwa wa namba yake. Kwa mikoa 31 kwenye karatasi ileile, kila mraba unapata upana wa karibu milimita sita, hakuna kinachomlalia mwenzake, na rangi moja inayokolea huhimili mashine ya kopi. Mwaka 2004 Mohammad Ghoniem, Jean-Daniel Fekete na Philippe Castagliola walilinganisha majedwali ya namna hii na michoro ya nukta zilizounganishwa kwa mistari, wakaona kwamba vitu vikizidi ishirini hivi jedwali hushinda katika kazi nyingi, isipokuwa kufuata njia kutoka kitu kimoja kupitia kingine hadi cha tatu. Walichopima si duara la tepe, kwa hiyo matokeo yao hayahamishwi mzimamzima, lakini sababu ya ushindi ni ileile: miraba haipishani. Gharama ya jedwali ni ubaridi wake. Rangi nayo iko mkiani mwa ngazi ya Cleveland na McGill, hivyo jedwali la rangi linakuonyesha wapi pa kutazama na bado unahitaji namba ndani ya mraba.

Mchoro wa Sankey unafaa pale mambo yanapokwenda kwa hatua: maji kutoka chanzo hadi mtambo, hadi bomba, hadi nyumba. Vitu vinavyotoa na vinavyopokea vikiwa ni vilevile, kama mikoa inayopeana watu, Sankey hulazimika kuandika kila mkoa mara mbili, kushoto na kulia, na msomaji hukosa kuona kwamba mkoa unaopoteza watu kushoto ndio uleule unaopokea kulia.

Ramani haina mshindani ikiwa swali ni mahali. Lakini ramani humpa ukubwa mwenye ardhi. Kongo hujaza ukurasa, Zanzibar hugeuka nukta, na Rwanda na Burundi hazina nafasi ya kubeba mishale yao.

Mizani

Ugomvi huu umedumu kwa sababu watu wanauliza kama duara ni zuri au baya, ilhali jibu linategemea mambo matatu: idadi ya makundi, kama wanaotoa na wanaopokea ni walewale, na kama msomaji anatakiwa kutambua umbo au kusoma kiasi. Anayetaka kujua ni mkoa upi umepokea watu wengi zaidi, na kwa tofauti gani, asipewe duara. Mihimili iliyosimama itamjibu kwa sekunde mbili. Anayetaka kuona kama mahusiano yamekusanyika mahali pamoja au yametawanyika, na kama kundi linajihusisha na wengine au na nafsi yake, duara litamjibu kuliko kitu kingine, mradi makundi hayazidi kumi hivi. Kikomo hicho cha kumi hakikutolewa na maabara yoyote. Kinatokana na hesabu ya karatasi: makundi kumi yanaipa kila ncha ya utepe wastani wa milimita tatu, na chini ya hapo kidole cha msomaji kinapotea njia.

Kwa jenomu hukumu ni tofauti kidogo, kwa kuwa kromosomu ni nyingi lakini matao ni machache, na jozi nyingi hazina uhusiano wowote. Uchache wa matao ndio unaoliokoa duara pale. Jedwali la uhamiaji wa mikoa, kinyume chake, karibu halina mraba mtupu wa kutegemea, maana karibu kila mkoa wa Tanzania una mtu aliyezaliwa katika kila mkoa mwingine.

Kwa kipimo hicho, biashara ya nchi nane za Jumuiya inastahili duara, likiambatana na sentensi inayotaja mila iliyotumika, kiwango kilichokatwa na forodha iliyotoa namba. Mabadiliko ya kromosomu katika saratani yanastahili duara, na mahali pa mkato paandikwe pembeni kwa namba. Uhamiaji wa mikoa yote 31 haustahili. Ukilazimika, unganisha mikoa kwa kanda kwanza, na useme wazi umeunganisha vipi. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Wanaoandaa ripoti za uhamiaji kutokana na hesabu hiyo wanaombwa walichape jedwali zima, namba zikiwa namba za kunakilika na si picha ya namba, hata kama duara limeshapendeza kwenye jalada.